Mkuki, Kombeo na Mashua: Wapiganaji Wepesi wa Mediterania ya Kale Walifanya Kazi Gani Hasa?

Tangu boti ndogo za Ukraine zisizo na mtu ndani zianze kuzamisha meli za kivita za Urusi katika Bahari Nyeusi, na Wahouthi wa Yemen waanze kuziandama meli za mizigo katika Bahari ya Shamu, mabaraza ya kahawa yamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema dunia imepinduka: kidogo sasa kinakiangusha kikubwa, jambo ambalo halijapata kuonekana. Upande wa pili unajibu kwamba hayo ni ya Daudi na Goliathi, mdogo mwenye moyo humshinda mkubwa siku zote. Nimewasikiliza wote. Wa kwanza wamesahau historia, wa pili wameikumbuka vibaya, na kosa la hawa wa pili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu linatufanya tuamini kwamba udogo peke yake ni silaha.

Mahali pazuri pa kulitazama suala hili ni Bahari ya Mediterania ya kale, kuanzia kama mwaka 500 KK hadi karibu na kuzaliwa kwa Kristo. Huko kulikuwa na askari wepesi na meli nyepesi za kila namna, na walioandika habari zao walikuwa watu wa vita: Thucydides alikuwa jemadari wa Athene, Xenophon alitembea na jeshi alilolisimulia, Polybius aliongoza wapanda farasi. Wanatuambia nani alisimama wapi, kwa umbali gani, na nini kilimponza.

Tuanze na majina.

Askari mzito wa Kigiriki aliitwa hopliti. Alikuwa na ngao kubwa ya mviringo, kofia ya shaba, mara nyingi na deraya, na mkuki mrefu wa kuchomea, si wa kurusha. Nguvu yake ilikuwa katika safu: bega kwa bega, ngao ya huyu ikimfunika kiasi mwenziwe wa kushoto. Mtoe safuni, unabaki na mtu mmoja aliyebeba mzigo juani.

Askari mwepesi ni kila aliyepigana nje ya safu hiyo, kwa silaha za kurusha. Wagiriki waliwaita psiloi, maana yake "watupu", kwa kuwa hawakuvaa deraya. Humo mna warusha mikuki, wapiga mishale na wapiga kombeo. Kati ya hao watupu na mahopliti alisimama peltasti, mrusha mikuki mwenye ngao ndogo iitwayo pelte, ya fito zilizosukwa na kuwambwa ngozi ya mbuzi au kondoo, umbo lake kama mwezi mwandamo. Mtindo huo ulitoka Thrakia, kaskazini mwa Ugiriki.

Kwenye meli mambo yanataka uangalifu zaidi, kwa sababu meli nzito na meli nyepesi si aina mbili za vyombo. Simama kando ya barabara kuu utazame lori la tela, daladala na bodaboda. Je, daladala ni kubwa au ndogo? Inategemea imesimama kando ya nini. Ndivyo ilivyokuwa triremi, meli ya kivita yenye wapiga makasia 170 katika safu tatu za juu na chini. Mwaka 480 KK, kando ya meli za zamani zenye makasia 50, triremi ilikuwa jitu. Miaka 250 baadaye, kando ya meli za "tano" na zaidi, triremi hiyohiyo ilihesabiwa kuwa nyepesi. Ukisoma mahali kwamba "meli nyepesi zilishambulia", swali la kwanza ni: nyepesi kuliko zipi?

(Na hizo hesabu za tatu, nne, tano, hata arobaini, hazikuwa ghorofa za makasia. Zilihesabu wapiga makasia waliopangwa pamoja kutoka chini kwenda juu, na kasia moja liliweza kuvutwa na watu kadhaa. Hakuna aliyejenga meli ya ghorofa 40.)

Kombeo si mchezo wa mtoto

Wengi wetu kombeo tumelijua shambani, mtoto akiamia ndege kwenye mpunga au mtama. Ndiyo maana tukisikia kwamba Daudi alikwenda na kombeo, tunadhani alikwenda mikono mitupu. Watu wa pwani ya mashariki ya Mediterania hawakulidharau hivyo. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 20, kinawataja watu 700 wa Benyamini, wote wa mkono wa kushoto, walioweza kulenga unywele kwa jiwe wasiukose. Hivyo ndivyo kinavyosifiwa kikosi cha mabingwa.

Kifaa chenyewe ni kamba mbili na kifuko katikati. Ncha moja unaifunga kidoleni, nyingine unaishika. Unazungusha, unaachia ile uliyoishika, jiwe linatoka. Kamba imeurefusha mkono wako, na mkono mrefu ncha yake huenda kasi zaidi. Kulitengeneza kombeo ni kazi ya mchana mmoja. Kulenga ni kazi ya utoto mzima, kwa sababu ukichelewa kuachia kwa kufumba na kufumbua, jiwe linaenda kwa mwenzako. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba katika visiwa vya Balearic, ambavyo leo ni vya Hispania, mama alimwekea mwanawe mkate mahali pa juu, na mtoto hakula mpaka aupige kwa kombeo. Mtu mzima wa huko alikwenda vitani na makombeo matatu ya urefu tofauti, kila moja na masafa yake. Kartago iliwakodi, na baadaye Roma nayo ikawatumia.

Xenophon alilijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 401 KK jeshi la Wagiriki wa kukodiwa, lile linalojulikana kama Elfu Kumi, lilikwama katikati ya milki ya Uajemi baada ya bwana aliyewakodi kuuawa. Walipoanza kurudi nyumbani, kamanda wa Kiajemi aitwaye Mithridates aliwafuata na wapanda farasi 200 na wapiga mishale na kombeo kama 400. Watu 600 dhidi ya maelfu! Lakini siku ile Wagiriki walisogea kilomita 4 na ushei tu. Xenophon alitoka na mahopliti na wapeltasti kuwafukuza, hakumshika hata mmoja, na kila hatua aliyokwenda mbele ilimbidi airudi huku akipigwa.

Usiku ule alikiri kosa lake mbele ya wenzake, kisha akauliza ni nani jeshini anatoka kisiwa cha Rodo. Warodo walijulikana kwa kombeo. Wakajitokeza 200. Siri yao ilikuwa kwenye risasi: Waajemi walirusha mawe ya kujaza kiganja, mazito, yasiyokwenda mbali. Warodo walirusha vidonge vya madini ya risasi, vidogo na vizito kwa ukubwa wake, na kwa maelezo ya Xenophon vilikwenda mara mbili ya umbali ule. Wakaundiwa na wapanda farasi 50 wa kuwasaidia. Mithridates aliporudi na watu wengi zaidi, alikuta umbali aliouzoea si wake tena, akakimbia.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Pambano la wepesi ni ugomvi juu ya umbali: nani anaamua tukaribiane lini, na nani anaamua tuachane lini. Jeshi lilelile lililokuwa hoi siku moja lilipona kwa sababu lilipata watu 200 wenye kufika mbali kuliko adui.

Vidonge hivyo vya risasi vimechimbuliwa sehemu nyingi za Mediterania, na vingine vimeandikwa. Kuna vilivyoandikwa kwa Kigiriki neno la kumaanisha "Pokea!"

Kwa nini mwenye kufukuza ndiye anayeumia

Jaribu kumfukuza kuku uwanjani huku umebeba ndoo ya maji kichwani. Ukimkaribia, anaruka hatua tano. Ukisimama, naye anasimama. Ukigeuka kwenda zako, anakufuata. Sasa fikiri kuku huyo ana mikuki mitatu mkononi.

Hayo yaliwapata Wasparta mwaka 390 KK karibu na Lechaeum, bandari ya Korintho. Kikosi chao cha mahopliti kama 600 kilikuwa kimewasindikiza wenzao waliokuwa wakienda nyumbani kwa sikukuu, na sasa kilikuwa kinarudi kambini kikipita kando ya Korintho. Wapanda farasi wao walikuwa wametangulia mbele na wale wenzao waliosindikizwa. Ndani ya Korintho alikuwamo Iphicrates, Mwathene, kamanda wa wapeltasti. Aliwaona wale Wasparta: hawana farasi, hawana wepesi wao wenyewe. Akatoka.

Wapeltasti walikimbia mpaka umbali wa kurusha, wakarusha, wakarudi. Walilenga upande wa kulia, kwa sababu ngao hukaa mkono wa kushoto. Kamanda wa Sparta akaamuru vijana wa miaka kumi ya kwanza ya utumishi wawafukuze. Hawakumpata mtu, mwenye ngao nzito hamfikii mwenye ngao ya fito aliyeanza kukimbia mapema. Kibaya zaidi, walipogeuka kurudi walikuwa wametawanyika, mmoja huku, mmoja kule, na ile safu iliyokuwa ngome yao haikuwapo. Hapo ndipo mikuki ilipowapata. Kamanda akatuma tena, safari hii miaka kumi na mitano ya kwanza. Wakaanguka wengi zaidi. Farasi walipofika, walifanya kosa la ajabu: badala ya kuwakimbiza wapeltasti hadi mwisho, walikwenda sambamba na mahopliti, mbele wakiwa sawa, nyuma wakiwa sawa.

Mwishowe waliobaki walijikusanya kwenye kilima kidogo, kiasi cha mita 360 kutoka baharini na kilomita 3 hivi kutoka Lechaeum. Watu wa bandarini wakaingia katika mashua ndogo kuja kuwaokoa. Mahopliti wa Athene nao walipokaribia, Wasparta wakavunjika, wengine wakajitosa majini. Xenophon anahesabu waliokufa kuwa kama 250.

Watu hupenda kusema hapo ndipo mwepesi alipomshinda mzito. Soma tena. Wapeltasti waliwachosha, wakawapunguza, wakawavunja moyo, lakini safu ya mahopliti wa Athene ilikuwa imesimama nyuma yao tangu mwanzo karibu na mji, na kuikaribia kwake ndiko kulikomaliza kazi. Bila hiyo, wale Wasparta wangeweza kuendelea kutembea, wakivuja damu, hadi kambini.

Warumi walilipanga jambo hili kama utaratibu wa kila siku. Katika legioni ya watu 4,200 anayoieleza Polybius, 1,200 walikuwa velite, vijana maskini kuliko wote jeshini, wenye ngao ya duara, upanga na mikuki mepesi. Baadhi walifunika kofia kwa ngozi ya mbwamwitu ili makamanda waone nani anapigana vizuri. Na mkuki wao ulikuwa na ubunifu ninaoupenda sana: ncha yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ikigonga mara moja inapinda, adui asiweze kuuokota na kuurudisha. Kazi yao ilikuwa kuanza pambano, kisha kupenya kati ya vikosi vizito na kurudi nyuma.

Tuingie majini

Kwanza tuondoe picha ya mtumwa aliyefungwa mnyororo kwenye kasia. Hiyo ni picha ya karne za baadaye sana. Wapiga makasia wa Athene wa karne ya 5 KK kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru, raia maskini na wageni waliolipwa ujira, ingawa watumwa pia walikuwamo. Ilibidi wawe mafundi. Watu 170 wakiyapiga maji kwa pigo moja, ndani ya chombo cha urefu kama mita 37, si jambo la kulazimishwa kwa kiboko.

Silaha kuu ya triremi ilikuwa domo la shaba kwenye omo, usawa wa maji. Unamzunguka adui, unamgonga ubavuni au karibu na tezi, unarudi nyuma kabla hajakung'ang'ania. Kwa hiyo uhai wa triremi ulikuwa katika makasia. Yavunje ya upande mmoja, chombo kinazunguka pale pale kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Wasirakusa walilielewa hilo mwaka 413 KK, Waathene walipokuwa wameuzingira mji wao huko Sisilia. Ndani ya Bandari Kuu, pasipo nafasi ya kuzunguka, walifanya mambo mawili. Walifupisha na kuimarisha omo za meli zao ili wagonge uso kwa uso. Kisha wakashusha mashua ndogo zenye warusha mikuki. Thucydides anaeleza kwamba mashua hizo zilipenya chini ya makasia ya Waathene, zikaenda ubavuni kabisa, na kutoka hapo wakawarushia mikuki wapiga makasia. Anasema ndizo zilizoleta madhara makubwa zaidi siku hiyo.

Angalia nani wamo ndani ya mashua zile. Ni watu walewale wa nchi kavu, warusha mikuki, sasa wanaelea. Mashua nyepesi ni mrusha mkuki aliyepewa makasia. Kanuni ni moja: mkaribie mzito mahali asipoweza kukupiga, mpige kitu kinachomwezesha kwenda, uondoke. Lakini zile meli zenye omo nene zilikuwapo mbele, zikiwashughulisha Waathene. Mashua peke yake katika bahari ya wazi zingeachwa nyuma tu.

Na kinyume chake kiliwezekana pia: mpiga makasia kushuka nchi kavu akawa askari mwepesi. Mwaka 425 KK, Wasparta 420 walizingirwa katika kisiwa kidogo cha Sphacteria, magharibi mwa Peloponnese. Jemadari wa Athene aliyepanga shambulio alikuwa Demosthenes (si yule msemaji mashuhuri, huyo aliishi karne iliyofuata). Mwaka mmoja nyuma, watu wa milimani wa Aetolia walikuwa wamemfunza kwa mikuki yao: aliingia nchini kwao na mahopliti, akapoteza Waathene 120 kwa watu ambao hawakukubali kusimama wapigane. Hakulisahau somo hilo. Kule Sphacteria alishusha wapiga mishale 800, wapeltasti 800, na wapiga makasia wa meli zaidi ya 70, wote isipokuwa wale wa safu ya chini. Safu mbili za juu za triremi zilikuwa na watu 116. Zidisha kwa 70, unapata zaidi ya watu 8,000, kila mmoja na alichokipata mkononi, wengi wakiwa na mawe.

Moto ulikuwa umeunguza msitu wa kisiwa siku chache kabla, na majivu yalipaa mpaka watu hawakuonana. Wasparta walijaribu kuwafikia mahopliti wa Athene, lakini hao walisimama tu, hawakuja. Kutoka pande zote mishale na mawe vilinyesha. Mwisho wake, 292 walikamatwa hai, 120 kati yao wakiwa Wasparta wa damu, jambo lililoshangaza Ugiriki nzima, kwa kuwa iliaminika Msparta hashushi silaha. Baadaye mtu mmoja alimuuliza mateka kwa kejeli kama waliokufa ndio waliokuwa mashujaa. Alijibu kwamba mshale ungekuwa na thamani kubwa kama ungejua kuwachagua mashujaa.

Jibu hilo linaeleza kwa nini habari za wepesi ni chache vitabuni. Hopliti alijinunulia silaha zake. Alikuwa mtu mwenye mali kidogo, na waandishi walikuwa wa tabaka lake au la juu zaidi. Mrusha mawe alikuwa maskini, mgeni, au mpiga makasia. Kumwua mtu kwa mbali kulionekana si uanaume. Hivyo katika simulizi nyingi mahopliti wanahesabiwa mmoja mmoja, na wepesi wanatajwa kwa neno moja: "wengi".

Malkia Teuta na mashua zake

Kama ningelazimika kuchagua taifa moja la kuonyesha mambo haya yote, ningewachagua Wailiria wa pwani ya mashariki ya Bahari ya Adriatiki. Ni ile nchi ambayo Paulo anaitaja kwa jina la Iliriko katika Waraka kwa Warumi. Pwani yake imejaa visiwa na vihori, na chombo chao kiliitwa lembosi: chembamba, chepesi, kisicho na sitaha ya kuwafunika wapiga makasia. Mwaka 231 KK mfalme Agron alituma lembosi 100 zenye watu 5,000. Gawanya, ni watu 50 kila chombo, na hakuna anayekaa bure: anayepiga kasia ndiye anayeshuka kupigana. Walifika usiku karibu na mji wa Medion, kulipokucha wakashuka kimyakimya, wakawashinda Waaetolia waliokuwa wameuzingira, wakapakia ngawira, wakaondoka.

Agron alikufa muda mfupi baadaye, na mkewe Teuta akashika utawala. Chini yake, Polybius anasimulia, watu wa lembosi walifika mji wa Epidamnus wakiwa na mitungi kana kwamba wanakuja kuteka maji. Panga zilikuwa ndani ya mitungi.

Ila pambano la kufikiria kwa makini ni lile la karibu na visiwa vya Paxos mwaka 229 KK. Muungano wa Achaea na wenzao walileta meli kumi zenye sitaha. Wailiria walikuwa na lembosi zao na meli saba za sitaha za washirika wao wa Acarnania. Kwa hesabu ya kawaida, lembosi ikigongwa na meli ya "nne" au ya "tano" imekwisha. Wakaifanya hasara hiyo kuwa mtego. Waliziunganisha lembosi nnenne, wakazielekeza ubavu kwa adui, kana kwamba wanasema: gonga. Meli za Achaea zikagonga. Domo likazama ndani ya mbao za mashua nne zilizofungwa pamoja, meli ikakwama, haiendi mbele wala nyuma. Wailiria wakaruka juu ya sitaha kwa wingi wao. Waliteka meli nne na kuizamisha nyingine, ya aina ya "tano", pamoja na watu wake, akiwamo Margos wa Caryneia, mzee aliyeutumikia muungano ule tangu mwanzo.

Tazama kilichotokea. Siku hiyo wepesi walishinda kwa kuacha kuwa wepesi. Walijifunga, wakasimama, wakakubali kugongwa. Walijua kwamba meli nzito inategemea kuondoka baada ya kugonga, wakauondoa uwezo huo. Uamuzi wa umbali ukarudi mikononi mwao, safari hii kwa kuufuta umbali kabisa.

Mwaka uleule Roma ilivuka Adriatiki na meli 200. Sehemu kubwa ya pwani ya Teuta ilianguka upesi, na mshirika wake Demetrius wa Pharos akamsaliti. Lembosi zilikuwa bora kwa kuvamia. Kuukinga mji dhidi ya jeshi linaloshuka na kukaa hazikuweza. Hazikuwa na nafasi ya chakula wala maji, ilibidi zipandishwe ufukweni usiku, na mwenye ufukwe ndiye mwenye mashua. Katika mapatano ya mwaka 228 KK Teuta alikubali kwamba lembosi zake zisipite kusini mwa Lissus zaidi ya mbili, na hizo mbili zisiwe na silaha. Huo ndio upimaji bora wa hofu ya Roma ninaoujua: ilihesabu mashua hadi ya pili.

Philip wa Tano, mfalme wa Makedonia, alijaribu kuzipa lembosi kazi nyingine, ile ya velite. Mwaka 201 KK karibu na kisiwa cha Chios alikuwa na meli za sitaha 53 na lembosi na vyombo vidogo vingine kama 150. Aliziweka katikati ya meli zake kubwa. Warodo, mabingwa wa kupenya safu na kugeuka, walikuta njia zimezibwa na mashua zinazogonga makasia, zinazoparamia omo, zinazong'ang'ania tezi. Ufundi wao ulikosa pa kutembea. Hata hivyo Philip hakushinda, na kwa hesabu ya Polybius lembosi zipatazo 65 zilizama. Kuwa mdogo katikati ya wakubwa wanaogongana ni kazi inayolipwa kwa roho za watu.

Actium, na hadithi iliyotiwa chumvi

Hadithi maarufu kuliko zote ni ya Actium, pwani ya magharibi ya Ugiriki, Septemba 2 mwaka 31 KK: Octavian, aliyekuja kuitwa Kaisari Augusto, na mashua nyepesi za Liburna dhidi ya majitu ya Antony, jemadari Mrumi mpinzani wake, na Cleopatra, malkia wa Misri, na mashua zikashinda. Imesimuliwa hivyo tangu zama zile, kwa sababu ilimpendeza mshindi. Lakini Octavian naye alikuwa na meli kubwa, zilizojengwa kwa vita vyake vya awali huko Sisilia. Na Antony alikuwa ameshindwa kabla ya siku hiyo. Agrippa, amiri wa Octavian, alikuwa ameteka Methone, Leucas na Patrae, bandari moja baada ya nyingine, akakata chakula kilichotoka Misri. Kambini njaa na homa ziliua, watu wakatoroka. Antony alichoma moto meli alizokosa watu wa kuziendesha, na zilizobaki akazipakia matanga, ilhali kwa desturi meli iliyokwenda kupigana iliacha matanga pwani. Anayebeba matanga amekusudia safari. Cleopatra alipopata upepo alipita katikati na meli 60, na Antony akamfuata. Wepesi wa meli za Octavian ulisaidia, lakini kilichoamua ni ule mzingo wa miezi kadhaa, na mzingo hufanywa na mwenye bandari, ghala na subira.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Baada ya Actium hakubaki adui wa kujengewa meli kubwa. Zilizobaki zilikuwa kazi za kupeleka barua, kusindikiza nafaka, kuwafuata maharamia, kulinda mito. Katika vituo vikuu vya Misenum na Ravenna, na mitoni, Roma ilijaza triremi na liburna, chombo cha safu mbili za makasia kilichotokana na Waliburni, majirani wa watu wa Teuta kwenye pwani ileile ya Adriatiki. Kadiri miaka ilivyopita, jina likapanuka, kama sisi tunavyoita dawa yoyote ya meno Colgate. Askari wa Roma katika karne za mwisho za dola, akitaka kusema meli ya kivita ya aina yoyote, alisema tu "liburna".